Umeme wa Bure Nyumbani kwa Baba

Corpus Christi, Texas
Jumapili, mwisho wa Septemba

Dada yangu mpenzi Chelo,

Pokea salamu zangu za mapenzi mengi, na uzigawe kwa masista wenzako wote humo ndani, kuanzia Mama Mkuu hadi yule sista mzee wa mlangoni ambaye kila nikija hunishikisha malimau ya bustani yenu kabla hata sijasema shida yangu. Goti lako linaendeleaje? Uliniandikia kwamba limevimba tena, nikacheka peke yangu, maana Mama alikuwa akisema tangu ukiwa mdogo kwamba wewe utamaliza magoti kabla hujamaliza viatu. Tafadhali waambie wakupe mto wa kupigia magoti. Sidhani kama Mungu ataona umedeka.

Sisi huku tunaendelea. Joto limeanza kulegea, asubuhi upepo wa ghuba unaingia mpaka jikoni. Ramiro hajambo, bado anahangaika na mabomba ya watu. Iliana hajambo, sasa ananipita kimo na ananiangalia kwa juu. Baba yupo. Habari zake ndizo zilizonifanya niandike barua hii, na nakuomba uisome ukiwa umekaa. Kama bado ni desturi kwamba Mama Mkuu hupitisha macho kwenye barua kabla hamjapewa, basi naye asome. Nimekwisha kubali kuaibika.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Niliifungua ndani ya gari nje ya kliniki, kabla ya kuingia kazini, nikafika pale uliposema kwamba masista wote wananitaja katika sala za jioni, mimi Nelda, binti mwema ninayemtunza Baba ili wewe uweze kukaa kwa Bwana bila wasiwasi. Nikashindwa kushuka garini. Mwenzangu wa mapokezi alikuja kunigongea kioo, akadhani nimefiwa. Nimekaa na maneno hayo wiki hizi zote, na kila jioni wakati najua mko kwenye sala, uso unaniwaka. Ndiyo maana nakuandikia. Nilikuambia Baba alipata kizunguzungu kwa sababu ya umri. Sivyo ilivyokuwa.

Unakumbuka umeme wa nyumba ya Baba ulikuwa chini ya mkataba aliouweka Mama mwenyewe. Mkataba huo ulikwisha baada ya Pasaka. Huku nje, dada, mambo ya umeme yamekuwa kama gulio. Kampuni ni chungu nzima na kila moja inakuvuta mkono: hii inakupa nafuu usiku, hii inakupa miezi ya kwanza kwa bei ya chee, hii inakupa zawadi ya kuku wa kubanika. Baba alinipigia simu, akasema kichwa kinamzunguka, nije nimchagulie mimi. Alisema yeye ni kinyozi, anajua wembe na mkasi, haya mengine ni ya watu waliosoma.

Nilikwenda Jumamosi moja, tukakaa meza ya jikoni. Mwishowe mipango ikabaki miwili. Wa kwanza ulikuwa na bei moja siku zote saba, bei ya kawaida tu, hauna mbwembwe. Wa pili ulikuwa na umeme wa bure kabisa kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku, lakini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kila uniti ilikuwa karibu mara mbili ya bei ile nyingine. Mtoto mdogo angejua upi unamfaa mzee aliyekwisha vuka themanini, anayeshinda nyumbani, katika mji ambao Julai hata vyura hutafuta kivuli.

Lakini mimi sikuwa namfikiria mzee. Nilikuwa nafikiria ghorofa yetu, ambako mashine za kufulia ni za wote na kila mara ukifika unakuta nguo za mtu mwingine ndani. Nilikuwa nafikiria gari la umeme ambalo Ramiro alilinunua kwa jamaa yake, likawa zuri sana isipokuwa kwetu hakuna pa kulichaji. Zaidi ya yote nilikuwa nafikiria biskuti zangu. Unazijua pan de polvo za Mama, zile za mdalasini zinazomung'unyika kabla hujatafuna. Nilikuwa nimeanza kuzioka kwa ajili ya harusi na sherehe za mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano, na oda zilikuwa zinakuja, lakini oveni yangu ilikuwa inameza faida yote. Nikaona jiko la Baba, oveni kubwa ya Mama, siku mbili za bure kila wiki. Nikamwambia Baba mpango wa pili ni mzuri zaidi kwa sababu tutakuwa tunakuja kila wikendi. Akauliza, kila wikendi? Nikamwambia kila wikendi. Akasema basi huo huo. Nikapiga simu kwenye kampuni, mambo yakaisha.

Na kweli tulikwenda, Chelo. Kama ungetuona kwa mbali ungemshukuru Mungu. Ijumaa jioni tunaingia na mafurushi ya nguo chafu, Ramiro anachomeka gari ukutani kwenye gereji, mimi navaa aproni ya Mama, oveni inawashwa na haizimwi mpaka Jumapili usiku. Iliana alikuwa analala kitanda chako. Baba alikuwa anakaa mezani na bakuli la sukari na mdalasini, kazi yake kuvingirisha biskuti zikiwa bado za moto, na alikuwa anazila nyingi mno akidhani simwoni. Wateja wake wa zamani wakajua wikendi kuna kahawa na vya kutafunia, wakaanza kuja tena barazani kunyolewa. Alikuwa anawanyoa huku anatusema: mkwe wangu yule, hana lolote, anakuja hapa kunyonyesha gari lake. Ramiro alikuwa anacheka mpaka anashika mlango. Baba akaanza tena kuimba akinoa wembe. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mazishi ya Mama.

Halafu bili ya kwanza ya joto ikaja. Baba alinipigia simu kazini, sauti yake ndogo. Alisema lazima wamekosea, pensheni yake yote ya kinyozi haiwezi kwenda kwa watu wa umeme. Nilikuwa na mgonjwa mbele yangu anasubiri. Nilimjibu haraka haraka. Nilimwambia, "Baba, si nilikueleza? Siku za kazi banabana kidogo. Vumilia tu mpaka Ijumaa jioni, halafu washa vyote unavyotaka."

Akasema sawa, ameelewa.

Unamjua Baba. Mtu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi akaitupa chupa yote jalalani siku hiyo hiyo. Hakubanabana kidogo. Alizima kiyoyozi Jumatatu asubuhi na hakukigusa tena mpaka Ijumaa. Alichomoa friji ya kibarazani, akachomoa redio, akawa anakula maharage ya kopo bila kuyapasha. Kila tulipofika Ijumaa tulimkuta amesimama ukutani, kidole kwenye kile kidude cha kuwashia baridi, anaitazama saa ya jikoni. Muda ukigonga tu, anabonyeza, anageuka kwetu anatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Sisi tulikuwa tunacheka. Ramiro alimpiga picha.

Lakini nyumba tuliyokuwa tunaingia ilikuwa inachoma, dada. Ukishika kitasa cha mlango wa ndani unakiachia. Kulikuwa na mataulo yaliyokauka yakakakamaa madirishani, maana alikuwa anayalowesha na kuyaning'iniza. Iliana ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Mama, babu anapikwa humu ndani." Nikamwambia asitie chumvi, wazee hawasikii joto kama sisi, tena babu yake amekulia mashambani kuvuna pamba. Baba alikuwa anavaa suruali amezikaza mkanda mpaka zimejikunja kiunoni. Niliona. Nikajitia hamnazo. Nilikuwa na oda ya harusi ya watu mia tatu.

Sasa sikiliza jambo ambalo nikilikumbuka natamani kujificha chini ya meza. Katikati ya Julai, nikiwa kazini, akaja kuziba jino mama mmoja anayefanya kazi kwenye supamaketi ile ya karibu na parokia. Akaniambia, mbele ya watu, kwa sauti ya huruma, kwamba Baba anakuja dukani kwao kila siku. Anachukua toroli, analisukuma tupu mpaka kwenye mafriji ya nyama na aiskrimu, anasimama pale asubuhi hadi mchana. Wafanyakazi wamemzoea, wengine wanamletea kiti. Akaniuliza, "Kwani kwenu mambo yamekuwa magumu hivyo?"

Mtu mwingine angeacha kazi saa ile ile aende kwa baba yake. Mimi nilikwenda jioni, na sikwenda kumwonea huruma. Nilikwenda na hasira. Nilimwambia ananidhalilisha. Nilimwambia watu watasema watoto wake wamemtelekeza, mmoja kajifungia kwa masista na mwingine anamwacha azurure madukani kama mtu asiye na kwao. Nilikutaja na wewe, Chelo, nakuomba radhi. Baba alikuwa ameketi pembeni ya kitanda anavua soksi. Aliniangalia, akasema, "Sikujua wananihesabu. Sitakwenda tena."

Na hakwenda tena. Nilipotoka nilijisikia nimefanya jambo la maana.

Siku chache baadaye lilikuja lile joto ambalo naamini hata ninyi huko mlilisikia, lami ikawa inanata viatu. Ilikuwa Jumatano. Doña Zulema, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amepika caldo, ile supu yake ya nyama na mboga, akamletea bakuli kama kawaida yake. Akabisha, kimya. Akazunguka nyuma, akachungulia dirisha la bafuni. Baba alikuwa kwenye beseni la kuogea, amevaa suruali yake na fulana, maji yote yamekwisha vuja, kichwa kimelala begani. Alikuwa anaongea, lakini alikuwa anaongea na Mama, anamwambia afunge duka maana wateja wamekwisha. Doña Zulema alivunja kioo kwa mguu wa kiti. Ana miaka sabini na ushee yule mama.

Nilifika hospitalini Baba akiwa amezungushiwa barafu makwapani na mapajani, ngozi nyekundu kama aliyepakwa rangi. Doña Zulema alikuwa kwenye korido, mkono umefungwa kitambaa kwa sababu ya kile kioo. Nilimkumbatia kumshukuru. Hakunikumbatia. Aliniambia polepole, "Mwanangu, ile nyumba ilikuwa tanuri. Biskuti zako zingeiva juu ya meza bila kuwasha kitu." Nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Halafu daktari akatoka, kijana mpole, akauliza kama nyumbani kwa mzee kuna kiyoyozi. Nikasema kipo. Akauliza kama kinafanya kazi. Ramiro alikuwa amesimama karibu yangu. Nikamjibu daktari kwamba kimeharibika, tunamsubiri fundi. Ramiro akainamisha kichwa akaanza kukagua viatu vyake. Doña Zulema aliguna, akaenda kukaa mbali.

Kesho yake Baba alipoanza kujitambua, daktari yule akarudia swali lile lile kwake, mimi nikiwa hapo hapo kitandani. Nilijua ndiyo mwisho wangu. Midomo ya Baba ilikuwa imepasuka, sauti haitoki vizuri. Alinitazama kidogo, kisha akamtazama daktari.

"Kimeharibika, daktari," alisema. "Binti yangu alishamwita fundi."

Hatukuwa tumepanga, Chelo. Alikuwa hajasikia nilivyosema. Aliona tu uso wangu, akajua nahitaji nini, akanipa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo Ramiro anaijua, na Iliana anaijua. Iliana hakunisemesha kwa muda mrefu. Siku aliyonisemesha alisema tu, "Nilikuambia, Mama," akaenda chumbani kwake. Lakini kuna kitu nimekiruka, tena nimekiruka makusudi tangu mwanzo wa barua hii, na sijamwambia mtu yeyote. Nimeandika kwamba nilipiga simu kwenye kampuni na mambo yakaisha. Hayakwisha hivyo.

Mwanamke aliyepokea simu ile alikuwa mtu mzuri. Angeweza kunyamaza akauza mkataba wake. Lakini aliponisikia naulizia mpango wa wikendi aliniambia, nadhani nayakumbuka maneno yake yote, "Dada, nikwambie ukweli, huu unawafaa watu wasioshinda nyumbani siku za kazi. Kama kuna mzee au mtoto anayeshinda hapo, joto likija mtaumia. Kuna mtu anashinda hapo?"

Nami nikamjibu, "Hapana. Siku za kazi nyumba haina mtu."

Nilisema hivyo nikiwa jikoni kwa Mama, kwenye kiti cha Mama. Sikuteleza ulimi. Nilikuwa na muda wa kufikiri, na nilifikiri, nikaona kwamba nikisema kweli ataninyima au atanishauri vingine, nami nilikuwa nimekwisha piga hesabu za biskuti zangu. Maneno yakatoka laini kabisa. Tena nikaongeza kwamba mwenye nyumba ni mzee, lakini muda mwingi anakaa kwetu. Chelo, Baba hajawahi kulala kwetu hata usiku mmoja.

Kumbe hata hilo halikuwa baya kuliko yote.

Baba aliporudi nyumbani, mimi nikiwa nimechukua likizo ili nikae naye, asubuhi moja nilimwambia navunja mkataba ule na kuchukua bei ya kawaida, faini nitalipa mimi. Nilidhani atafurahi. Alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya mto. Akatikisa kichwa. Akasema tusiharakishe, Oktoba baridi inakuja, tuuache tu mpango ulivyo. Nikamwambia Baba, mpango huu nusura ukuue. Akasema haukumuua. Nikaanza kulia, nikamwambia hajui, kuna kitu nilikifanya ambacho hakijui.

Akasema, "Nakijua. Uliwaambia nyumba haina mtu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, tena bila ukali, kama anayenieleza jambo la mteja wa zamani. Alisema alikuwa mlangoni kwa nyuma, anakunja lile turubai la barazani, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Alisikia yote. Alisikia hata sehemu ya kwamba anakaa kwetu.

Nikamuuliza, "Sasa mbona ulinyamaza, Baba? Mbona hukuniambia hapo hapo?"

Alipapasa kidevu chake, ambacho kilikuwa na ndevu nyeupe ambazo hakuwa na nguvu ya kuzinyoa. Kisha akasema maneno haya, na nakuandikia kama alivyoyasema:

"Ningesema, ungebadilisha. Ungebadilisha, msingekuja. Ulikuwa umesema kila wikendi, Nelda, nilikuuliza ukarudia. Joto mimi nalijua, nimenyoa watu miaka mingi kwenye duka lisilo na feni. Hili lingine ndilo lilikuwa linanishinda. Tangu mama yenu aondoke, mlikuwa mnakuja Krismasi na siku ya kina baba, mnakula, mnaangalia simu zenu, mnaondoka. Nilikuwa nawasha redio ili nisikie mtu."

Nilimwambia tungekuja tu, hata bila umeme. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Baba hakunibishia. Alinipigapiga mkono, akasema ndiyo, bila shaka mngekuja. Na sote wawili tulijua si kweli, dada. Kutoka ghorofani kwetu mpaka kwake ni mwendo mfupi kuliko kwenda kazini, na kabla ya ule mpango nilikuwa napitisha hata miezi miwili. Yeye alikuwa ananinunua na jasho lake, kwa maana halisi ya jasho, nami nilikuwa nadhani ni mimi niliye mjanja.

Mkataba nimeuvunja. Alipinga mpaka dakika ya mwisho, ikabidi nimwapie kwa jina la Mama kwamba sitaacha kuja. Sasa bei ni moja siku zote na kiyoyozi kinafanya kazi mchana na usiku. Nikitoka kazini napita kukihakikisha, maana amekwisha jaribu kukizima mara kadhaa kwa mazoea. Figo zimeguswa, anakwenda kupimwa kila wiki. Anatembea na kile kifaa cha miguu minne. Mkono wa kulia unatetemeka, na daktari amesema hautarudi kuwa ulivyokuwa. Nadhani unaelewa maana yake kwa mtu wa wembe. Wateja wake wale wazee bado wanakuja barazani, lakini sasa wanakaa tu, wanakunywa kahawa, ndevu zao zimekua. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa kinyozi mwingine mpaka sasa. Baba anawatukana, anawaambia wanafanana na mbuzi.

Yeye mwenyewe namnyoa mimi. Ananielekeza: vuta ngozi, usikandamize, fuata upande wa nywele. Nimemkata mara nyingi. Mara ya kwanza damu iliposhuka shingoni nilitupa wembe nikakimbilia jikoni, akaniita nirudi nimalizie, hawezi kwenda misa na ndevu upande mmoja. Biskuti nimeziacha kwa sasa. Watu wanapiga simu, nawaambia oveni imeharibika. Unaona, hata hapo bado nadanganya.

Nilimwomba aje kuishi kwetu, akakataa, akasema atakaa ghorofani afanye nini, atazame magari? Ila Jumanne iliyopita nilikwenda na chakula, nikakaa naye, tukaongea hadi nikapitiwa na usingizi kwenye kochi. Nilipoamka alikuwa amenifunika shali ya Mama na ameketi kwenye kiti chake ananiangalia. Aliuliza kama leo kuna kitu cha kuoka. Nilipomwambia hakuna, nimekuja tu, aligeuza uso upande wa dirisha, nami sikumfuata kumtazama.

Sasa, Chelo, ombi langu. Najua utakavyonijibu. Utaniandikia kwamba umenisamehe, na Mungu amenisamehe, na mtaendelea kuniombea. Ninyi mliomo humo mnasamehe upesi mno, ndiyo kazi yenu, siwalaumu. Lakini nakuomba usifanye hivyo katika barua ya kwanza. Baba amekwisha nisamehe kabla sijamaliza kukosa, na Ramiro ananihurumia, na sina mtu hata mmoja wa kunisema ila Doña Zulema, ambaye ananipita barazani kama kiti. Wewe ni dada yangu mkubwa. Uliwahi kunizaba kofi kwa sababu nilimwacha mbwa juani amefungwa. Nikasirikie kwanza. Niandikie kwa hasira, hata kama Mama Mkuu atafuta mistari mingine. Halafu, ukishamaliza, uone kama moyo wako bado unataka kuniombea. Na uwaambie masista waondoe lile neno, mwema. Waniite Nelda tu, Mungu atajua ni yupi.

Baba anakusalimu sana. Anasema anaendelea na mazoezi ili Novemba aweze kupanda zile ngazi zenu akuone, na kwamba usijali ukimwona amekonda. Iliana anakutumia busu, Ramiro anaomba umkumbuke mama yake aliyeko hospitali huko Kingsville. Mimi nakuaga hapa, jikoni kwa Baba; kahawa yangu imepoa na yeye anaamka, namsikia anatafuta viatu.

Wako anayekupenda, na asiyestahili sala zenu,

Mdogo wako,
Nelda